Ncha ya Herufi L: Kujifunza Usanifu wa Michoro kwa Macho ya Tabora

Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, soko la Tabora liliishiwa sarafu. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na serikali ya Wajerumani, ambayo wakati huo ilikuwa imehamia Tabora, haikuweza tena kupokea fedha kutoka Ulaya. Ikaamuliwa fedha zigongwe hapa hapa. Karakana ya reli huko Lulanguru, magharibi mwa mji, ikafanywa kiwanda. Heller 5 na heller 20 zikatengenezwa kwa shaba iliyokusanywa huku na huko, maganda ya risasi yakiwemo, na rupia 15 ikatengenezwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, Iramba. Zote zilipigwa herufi T, alama ya Tabora. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na kazi ikakoma.

Mimi hupenda kuanza somo la usanifu wa michoro kwa sarafu hizo, na sababu yake ni herufi L. Wakusanyaji wa sarafu huzipambanua heller 20 za Tabora kwa kutazama zile L mbili za neno HELLER. Kuna sarafu ambazo ncha za L zimechongoka. Kuna nyingine ambazo ni L ya pili tu iliyojikunja nchani, na nyingine ambazo L zote mbili zimejikunja. Upande wa pili, taji ni kubwa katika baadhi na dogo katika nyingine. Kwenye rupia 15, ile yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, kuna nakshi upande wa kulia ambayo katika sarafu fulani inakomea chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika nyingine inakomea chini ya A.

Tofauti hizo zinatokana na kazi ya mkono. Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma ambao mchoro wake umechongwa kinyume, na muhuri ukichakaa au kupasuka huchongwa mwingine. Fundi wa dhahabu kutoka Ceylon anayetajwa kuwa ndiye aliyechonga mihuri ya ile rupia ya tembo hakuwa na chombo cha kunakili mchoro wake ulivyo. Ilimbidi aamue: nakshi ikomee wapi isigongane na herufi, tembo awe mkubwa kiasi gani na milima ibaki inaonekana, mstari huu uwe mnene au mwembamba. Maamuzi madogo madogo ya namna hiyo, mengi na yenye sababu, ndiyo kazi yenyewe ya msanifu wa michoro. Kompyuta huyatekeleza tu.

Nasema hivi kwa sababu kijana wa leo anayetaka kuwa dizaina, awe Isevya, Nzega au Kaliua, kwanza hutafuta kompyuta na programu. Akishazipata hujifunza vitufe: kivuli kinawekwaje, herufi zinang'arishwaje, picha inakatwaje kutoka kwenye mandhari yake. Baada ya miezi michache anajua vitufe vingi na bango lake bado halisomeki. Kwa maoni yangu wiki za mwanzo zapaswa kuwa za karatasi, penseli, rula na mkasi. Macho yakishajua kuona, vitufe hujifunzwa haraka.

Tuitazame tena heller 20. Ni duara lenye kipenyo cha milimita 29 hivi. Upande mmoja una namba 20, neno HELLER na matawi mawili. Upande mwingine una taji, herufi D.O.A. za jina la koloni, mwaka na ile T. Muuza muhogo sokoni alihitaji kujua nini kwanza? Thamani. Kwa hiyo namba imepewa nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote upande wake. Alama ya mahali pa kutengenezea, ambayo ilimhusu mtu wa hazina tu, ikawa ndogo na kukaa chini. Hiyo ndiyo kanuni ya ngazi: vitu hupewa ukubwa, unene na mahali kulingana na mpangilio ambao msomaji anavihitaji.

Sasa tazama bango la kawaida la mkutano wa injili, mahafali au tamasha la muziki katika miji yetu. Jina la tukio ni kubwa, tarehe ni kubwa, majina ya wageni ni makubwa, nyuso sita zimejazana, wafadhili wako chini kwa rangi kali, na kila mstari una aina yake ya herufi. Kila kitu kinapiga kelele, na mtu aliyepakiwa kwenye bodaboda akipita Kitete hatasikia chochote. Ana sekunde mbili au tatu. Katika muda huo anaweza kuchukua mambo matatu: ni tukio gani, lini, wapi. Msanifu akishalikubali hilo, mengine yote hushuka ngazi yenyewe, na aina mbili za herufi zinatosha bango zima.

Watengenezaji wa mabango wana kipimo chao cha mazoea kinachosaidia sana: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha angalau sentimita 2.5 ili isomeke bila taabu. Bango litakalosomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 18 hivi, linahitaji herufi za sentimita 15 kwa ule ujumbe mkuu. Pima barabara kwa hatua kabla ya kuchora. Wengi hupima skrini ya kompyuta, ambayo iko nusu mita kutoka kwenye pua zao, kisha hushangaa kwa nini bango lililopendeza ofisini limepotea mtaani.

Somo la pili ni herufi zenyewe, na hapa watu wa Tabora wamepewa zoezi bora kwa jina la mji wao. Andika TABORA kwa herufi kubwa, kila herufi kwenye kipande chake cha manila, uzipange ubaoni kwa umbali sawa uliopimwa kwa rula. Utaona T na A zimeachana. Mkono wa T umening'inia juu, mteremko wa A unarudi nyuma, na kati yao limebaki pengo kubwa la pembe. R na A mwishoni nazo zina pengo lake. B na O, kwa upande mwingine, zinaonekana kubanana kwa sababu matumbo yao yanakabiliana. Rula inasema umbali ni sawa na macho yanakataa. Sasa zisogeze: T iingie juu ya A mpaka pengo lilingane kwa macho na lile la B na O. Kinacholinganishwa ni kiasi cha weupe kilichobaki kati ya herufi na herufi. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hili kwa mkono, halafu akarudia na NZEGA, URAMBO na KAHAMA, hatahitaji kuambiwa tena. Ataanza kuona makosa hayo kwenye vibao vya maduka, milango ya ofisi na hata kwenye mabasi, na itamsumbua maisha yake yote, jambo ambalo ni dalili nzuri.

Kuhusu weupe huo, Tabora ina historia ambayo inastahili kukumbukwa zaidi. Kipalapala, nje kidogo ya mji, palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, Tanganyika Mission Press, ambacho wasomaji wa vitabu vya Kiswahili wanakijua kwa herufi tatu, TMP. Vitabu vya sala, vya shule na vya hadithi vilitoka hapo kwa miongo mingi vikiwa na neno Tabora kwenye ukurasa wa mwanzo. Gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki nalo lilianzia Tabora mwaka 1950. Katika uchapaji wa zama hizo, herufi ilikuwa kipande cha risasi kilichoyeyushwa na kupozwa, na mpangaji alizipanga moja moja au mstari mmoja mmoja ndani ya fremu ya chuma. Jambo la kuzingatia ni hili: hata nafasi tupu ilikuwa kipande cha metali. Kati ya neno na neno kilitiwa kipande kisicho na herufi, na kati ya mstari na mstari ulilazwa ukanda mwembamba wa risasi. Hakuna aliyeweza kuacha nafasi kwa bahati mbaya. Ukurasa wote, weusi wake na weupe wake, ulijengwa kwa mkono na kubanwa ili usitikisike kwenye mashine.

Nidhamu hiyo tumeipoteza tulipohamia kwenye skrini. Nafasi tupu imekuwa kitu kinachobaki baada ya kuweka vitu vingine, na mteja akiiona husema ijazwe. Msanifu mzuri hupanga pambizo kwanza. Kwenye karatasi ya A4, yenye milimita 210 kwa 297, amua pambizo zako, gawa eneo lililobaki kwa safu mbili, tatu au sita, kisha kila kichwa cha habari, picha na aya ianzie kwenye mojawapo ya mistari hiyo. Mistari yenyewe haichapwi, lakini msomaji huihisi. Kanga, ambayo kila msomaji wa Kiswahili anaifahamu tangu kubebwa mgongoni, imesanifiwa kwa nidhamu hiyohiyo: pindo huzunguka pande zote, mji hukaa katikati, na jina huwekwa mahali pake juu ya pindo la chini. Mbunifu wa kanga ana uhuru mkubwa wa rangi na maua kwa sababu mpango wenyewe hauyumbi.

Maandishi ya Kiswahili yana mahitaji yake, na vitabu vingi vya kufundishia kazi hii haviyataji kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Vitenzi vyetu ni virefu. Neno kama wanaotuhudumia au watakapokutana likiangukia mwisho wa safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote mbili, kompyuta italirusha mstari wa chini na kuutawanya mstari wa juu mpaka matundu yaonekane. Katika safu nyembamba, nyoosha upande wa kushoto tu na uache wa kulia uwe huru. Ukilazimika kukata neno, likate kwenye silabi, na silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosea. Usitenganishe ng' na irabu inayoifuata. Na alama ya juu katika Ng'ambo, kata ya mjini kwetu, iwe ileile kila mahali kwenye kazi moja, maana mara nyingi kichwa cha habari huwa na alama moja na aya huwa na nyingine, eti kwa sababu zilinakiliwa kutoka sehemu mbili.

Sasa tuje kwa msomaji mwenyewe, na hapa ndipo njia ya misafara inapotufundisha zaidi kuliko kitabu chochote ninachokijua.

Msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kutoka Unyanyembe kuelekea Ujiji, ulilipia chakula, hongo ya njia na vibarua kwa vitambaa na shanga. Vitambaa vilijulikana kwa majina: merikani, ile nguo isiyopaushwa kutoka Marekani, na kaniki ya buluu. Shanga zilikuwa balaa. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, huku huku Unyanyembe, mwaka 1857, aliandika kwamba kulikuwa na aina zipatazo 400. Stanley, msafiri mwingine, akijiandaa kwa safari yake ya mwaka 1871, alitaabika kujua anunue zipi na kiasi gani, kwa sababu rangi iliyokuwa fedha mahali pamoja ilikuwa takataka mahali pengine. Shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo, na makabila mengine hayakuzitaka hata kuziona. Shanga zilizoitwa sungomaji zilikuwa na thamani Ujiji na zilikataliwa kwingineko. Nyeupe zilikubalika Ufipa na sehemu za Ugogo, zikadharauliwa Ukonongo. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amewalipa wapagazi kubeba mzigo wa bure kwa mamia ya kilomita.

Wenye misafara wazoefu walifanya nini? Waliuliza. Waliwasubiri wale waliorudi kutoka bara, wakahoji ni rangi gani inapita msimu huu na ni unene gani wa uzi unaotakiwa. Hawakuanza na rangi waliyoipenda wenyewe. Nimeona wanafunzi wakitumia siku nzima kuchagua rangi ya nembo ya duka kwa kutazama nembo za makampuni ya Ulaya, bila kwenda hata mara moja kusimama mbele ya duka lenyewe kutazama wanunuzi ni akina nani, wanafika saa ngapi, na duka jirani limepakwa rangi gani. Ukiweka kibao chekundu katikati ya safu ya maduka yaliyopakwa wekundu na kampuni za simu, umekificha.

Rangi ina sayansi yake pia. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji hutengeneza rangi kwa wino: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka na rangi ya chungwa inayong'aa kwenye skrini havipatikani kwa wino huo wa rangi nne, na mteja aliyeidhinisha kazi akiwa ameitazama kwenye simu ataona amedhulumiwa. Mchapie sampuli moja kwanza. Kisha kuna jua letu. Bango la fleksi lililotundikwa mahali pasipo na kivuli hupoteza majenta na manjano kabla ya sayani na nyeusi, kwa sababu mionzi ya jua huvunja rangi hizo mbili mapema. Ndiyo maana mabango ya zamani barabarani yamebaki na nyuso za buluu. Kwa bango litakalokaa mwaka mzima nje, ujumbe mkuu uandikwe kwa nyeusi au buluu iliyokolea juu ya nyeupe, na wekundu utumike pale ambapo ukififia hautapoteza maana.

Baada ya hayo ndipo niseme juu ya programu. Jambo la msingi ni kutofautisha aina mbili za picha. Picha ya kamera imeundwa kwa pikseli, vidoa vya rangi vilivyopangwa kama ushanga kwenye uzi, na ukiikuza sana vidoa vinaonekana. Mchoro wa vekta umeundwa kwa hesabu ya mistari na mikunjo, nao hukuzwa kutoka ukubwa wa stempu hadi ukuta wa ghala bila kuharibika. Nembo lazima iwe vekta. Picha yenye pikseli 1,600 kwa upana, ukiichapa kwa pikseli 300 kwa inchi kama uchapaji mzuri wa karatasi unavyotaka, inatosha sentimita 13 na nusu tu. Kwa hiyo picha iliyobanwa na WhatsApp hadi kiasi hicho haiwezi kujaza jalada la A4. Illustrator, Photoshop, InDesign na CorelDRAW ndizo zinazotumika kwenye viwanda vingi, nazo hulipiwa. Inkscape kwa vekta, GIMP kwa picha na Scribus kwa kupanga kurasa ni za bure kabisa, na anayeanza hana sababu ya kutumia programu ya wizi iliyojaa virusi. Canva inafaa kwa kazi za haraka za mitandaoni. Kwa nembo siipendekezi, kwa sababu vielelezo vyake vinatumiwa na maelfu ya watu wengine, na mteja anayetaka kuisajili nembo hiyo kama mali yake atapata shida.

Zoezi la kumaliza mafunzo ninaloliamini kuliko mengine yote ni lebo ya asali. Mkoa wetu unajulikana kwa asali ya miyombo, kutoka Sikonge hadi Urambo, na asali nyingi bado inauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, haina jina. Lebo moja ina masomo yote ndani yake.

Anza na chupa mkononi. Chupa ya duara yenye kipenyo cha sentimita 7 ina mzunguko wa sentimita 22, lakini mnunuzi akiwa amesimama mbele ya rafu huona chini ya nusu yake, na kingo zinakuwa zimegeuka. Jina la asali likae ndani ya sentimita 7 za katikati. Lebo isiizunguke chupa yote, kwa sababu asali yenyewe ndiyo picha bora kuliko zote, na mnunuzi anataka kuona rangi yake. Kisha tafuta ukweli wa asali hiyo: inatoka msitu gani, mizinga ni ya magome au ya mbao, imechujwa vipi. Picha ya nyuki mwenye macho makubwa anayetabasamu imetumiwa na kila mtu. Mzinga wa gome ulioning'inizwa juu ya mti, uliochorwa kwa mistari michache, ni wa kwetu, na mtu wa Dar es Salaam akiuona atauliza ni kitu gani.

Halafu kuna mambo ya sheria, ambayo msanifu akiyasahau humwingiza mteja hasara ya kuchapa upya. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa kinataka jina la bidhaa, ujazo au uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo na tarehe. Usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mabadiliko ya mwaka 2019, na alama ya ubora ya TBS haiwekwi mpaka mzalishaji awe amepewa leseni yake. Kuhusu uzito, wengi hukosea: chupa ya nusu lita ikijaa asali haina gramu 500, ina gramu 700 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Pima kwa mizani kabla ya kuandika.

Msimbo wa mistari nao una tabia zake. Namba zinazotolewa Tanzania huanza na 620. Mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe, na iachwe nafasi tupu kulia na kushoto. Usiichape kwa nyekundu hata kama nyekundu ndiyo rangi ya lebo, kwa sababu mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mistari myekundu hutoweka. Ukubwa wake wa kawaida ni milimita 37 kwa 26 hivi, na usipunguzwe chini ya asilimia 80 ya hapo. Kwenye chupa nyembamba igeuze mistari ilale, ipangike kama ngazi, ili mkunjo wa chupa usiipinde.

Mwanafunzi aliyemaliza lebo ya namna hii, akaichapa, akaibandika na kuiona imekaa sokoni bila kubanduka kwa jasho la mikono, nitamwita msanifu. Kilichobaki ni kujifunza kuishi kwa kazi hiyo.

Mama mwenye asali akija kwako, usimwulize anapenda rangi gani. Mwulize: mama, unamuuzia nani, kwa bei gani, na kwa nini mtu anunue yako aache ya jirani? Yaandike majibu kwenye karatasi moja, mkubaliane nayo nyote wawili kabla ya kuchora chochote. Karatasi hiyo ndiyo itakayowaamua siku mtakapotofautiana. Andika pia idadi ya michoro utakayomletea, mara ngapi atarekebisha bila malipo ya ziada, tarehe, na bei. Chukua malipo ya awali, nusu kwa kawaida. Tenganisha gharama ya usanifu na gharama ya uchapaji. Steshenari nyingi husema usanifu ni bure ukichapa kwetu, na mazoea hayo ndiyo yaliyoifanya kazi hii ionekane haina thamani. Fundi anayetumia siku tatu kufikiri hawezi kulipwa kwa idadi ya karatasi zilizotoka kwenye mashine.

Andika nani atamiliki nini. Kazi ya usanifu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayetaka nembo yake ilindwe kama alama ya biashara huisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mkabidhi mteja faili la vekta la nembo yake pamoja na nakala za rangi, nyeusi tupu na nyeupe tupu. Usimfungie ndani ya kompyuta yako. Hakikisha pia fonti ulizotumia zina leseni inayoruhusu biashara. Na unapopeleka kazi kiwandani, ongeza milimita 3 za rangi kila upande nje ya mstari wa kukatia, kwa maana kisu cha mashine husogea kidogo, na bila ziada hiyo utabaki na ukingo mweupe upande mmoja. Soma prufu kwa sauti ukiwa na mtu wa pili. Namba ya simu isomwe mara mbili, na ipigwe.

Mahali pa kujifunzia si pengi mkoani kwetu, lakini nchini si kwamba hakuna. Bagamoyo, kule njia ya misafara ilikoanzia, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wa vyakula kufungasha bidhaa zao, na kijana mwenye lebo nzuri mkononi anaweza kukutana hapo na wateja wake wa kwanza. Hata hivyo, shule iliyo karibu kuliko zote ni chumba chenye mashine ya kuchapa. Nawaomba wenye steshenari na viwanda vya uchapaji, Tabora, Nzega, Kahama na Kigoma, kila mmoja ampokee kijana mmoja, amweke karibu na mashine, amwonyeshe wino unavyokaa kwenye karatasi na kisu kinavyokata, na ampe lebo moja ya kweli aifanye tangu mwanzo hadi mwisho. Na wewe msomaji unayerina asali au kukausha michembe nyumbani, mtafute kijana huyo, na umlipe kwa kufikiri kwake.